Redio ya betri ikutanapo na umeme wa nguzo



Ndugu wasomaji wa ukurasa wa familia, safu yetu ya ufundi wa nyumbani juma hili inazungumzia jambo linalozisumbua kaya nyingi za Mbuji, za vijiji vingine vya Mbinga, na za mwambao wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay. Redio iliyokuwa ikitoa sauti safi ilipotumia betri ya sola, mbona huvuma na kunguruma mara inapounganishwa na umeme wa nguzo? Na je, yawezekana kutengeneza kifaa cha kuilisha redio hiyo umeme uliotulia, kisichovuma, kisichoiunguza na kisichohatarisha watoto?

Yawezekana. Mafundi hukiita kifaa hicho pawa saplai, na sehemu zake ni chache. Lakini kila sehemu ina kazi yake na kipimo chake, na anayepuuza kipimo huishia kulipa mara mbili: hulipia kifaa, kisha hulipia redio iliyoungua.

Kutoka betri hadi nguzo

Kwa miaka mingi nyumba za Umatengo na za ukanda wa ziwa zilisikiliza redio kwa betri kavu, zikiwemo zile za National zilizotengenezwa Dar es Salaam. Baadaye zikaja betri za gari na paneli za sola. Umeme wa TANESCO katika mji wa Mbinga ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na vijiji vingi havikuwa na kitu. Mwaka 2018 njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, yenye urefu wa kilomita zipatazo 250 na iliyojengwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Sweden, iliuunganisha mkoa wa Ruvuma na gridi ya taifa. Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini ikaendelea kupeleka nguzo vijijini, na kaya zikaunganishwa kwa shilingi 27,000.

Neema hiyo ilizikuta nyumba zikiwa na vifaa vya zama za sola, ambavyo karibu vyote ni vya volti 12: redio ya gari iliyofungwa ndani ya kisanduku cha mbao, amplifaya ndogo ya kusikilizia kisomo na mawaidha kutoka kwenye flashi, pamoja na spika zake. Vifaa hivyo bado ni vizima. Kuvitupa kwa sababu tu umeme umebadilika ni israfu. Kuviunganisha na adapta yoyote inayopatikana gulioni nako ni kuvitia hatarini.

Wimbi la ziwa na maji ya mto

Tofauti ya umeme wa betri na umeme wa nguzo tunaweza kuiona kwa macho katika mazingira yetu. Mto Ruhuhu huelekea upande mmoja tu, nao ni ziwani. Ndivyo ulivyo umeme wa betri: hutoka chanya kwenda hasi bila kugeuka, na huitwa mkondo mnyoofu. Wimbi katika ufukwe wa Mbamba Bay huja na kurudi, huja na kurudi. Ndivyo ulivyo umeme wa nguzo: kwetu Tanzania ni volti 230, na mzunguko huo wa kwenda na kurudi hukamilika mara 50 kwa kila sekunde. Huo ndio mkondo geu.

Redio ya volti 12 inataka mto. Nguzo inatuletea wimbi. Kazi ya pawa saplai ni kuligeuza wimbi kuwa mto uliotulia, na hufanya hivyo kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni transfoma, ambayo hupunguza volti 230 hadi kiasi kidogo. Zaidi ya hapo, hututenga na nguzo, kwa sababu nyaya zake za upande wa nguzo na za upande wa redio hazigusani. Nguvu hupita kwa njia ya sumaku iliyo katika chuma chake. Utengano huu ndio unaomlinda mtoto anayegusa chuma cha redio. Kwa hiyo kifaa chochote kinachodai kupunguza umeme bila transfoma, kwa kutumia kapasita na resista peke yake, kisiruhusiwe kuingia ndani ya nyumba kwa ajili ya redio.

Hatua ya pili ni diodi nne zilizopangwa kama daraja. Diodi huruhusu umeme upite upande mmoja tu, mithili ya mlango unaofunguka kwa nje pekee. Zikiwa nne, nusu ya wimbi inayokuja na nusu inayorudi zote huelekezwa upande mmoja. Tunachopata hapo si mto bado. Ni mapigo 100 kwa kila sekunde, yote ya upande mmoja, na baina ya pigo na pigo umeme hushuka hadi sifuri. Mapigo hayo 100 ndiyo ule mvumo mnene unaousikia kwenye spika.

Hatua ya tatu ni kapasita kubwa, na hapa wakulima wa Mbinga wana mfano ambao hawahitaji kuuazima popote. Katika miteremko ya Umatengo huchimbwa ngoro, yale mashimo yaliyopangika kama viraka vya mkeka. Mvua kubwa ikinyesha maji hayaporomoki mara moja na kwenda na udongo. Huingia shimoni, kisha hulowesha ardhi kidogo kidogo hata mvua ikikatika. Kapasita ni ngoro ya umeme. Pigo likija, hujaa. Pigo likikatika, hutoa akiba yake ili redio isikose. Ngoro ikiwa ndogo hukauka kabla ya mvua ya pili. Kapasita ikiwa ndogo, mvumo hurudi.

Hatua ya nne ni regulata. Hata ngoro nzuri haiwezi kuweka maji katika kina kilekile daima, na umeme unaotoka kwenye kapasita nao hupanda na kushuka kufuatana na sauti ya redio na hali ya laini. Regulata ni mfano wa mtu aliyeshika koki ya bomba huku akiutazama mtungi: maji yakizidi hubana, yakipungua hufungua. Regulata iitwayo 7812 hutoa volti 12 ilimradi ipewe za kutosha. Tarakimu 78 hujulisha kuwa ni ya upande wa chanya, na 12 ni volti zake. Yenye 7809 ni ya volti 9, na yenye 7805 ni ya volti 5.

Hesabu ambayo wengi huiruka

Mtu anayetaka volti 12 huenda dukani akanunua transfoma ya volti 12. Inaonekana sawa, lakini haitoshi. Tuihesabu pamoja, tukichukulia redio au amplifaya ndogo inayokula ampea 1.

Volti 12 za transfoma ni kipimo cha wastani wa nguvu. Kilele cha wimbi hupatikana kwa kuzidisha kwa 1.41, nacho ni kama volti 17. Diodi mbili ambazo umeme hupitia hutoza ushuru wa volti 1.4 hivi, na zinabaki 15.6. Kapasita ya mikrofaradi 4,700 ikitoa ampea 1 hushuka kwa takriban volti 2 baina ya pigo na pigo. Kwa hiyo kwenye bonde la kila wimbi tuna volti 13.5. Lakini regulata ya 7812 inahitaji ipewe angalau volti 14 ndipo itoe 12 kamili. Mara 100 kwa sekunde koki inafunguliwa hadi mwisho na maji bado hayatoshi. Mvumo unapita moja kwa moja hadi kwenye spika, na mwenye redio analaumu regulata isiyo na kosa.

Sasa tuchukue transfoma ya volti 15. Kilele chake ni volti 21. Tukitoa ushuru wa diodi tunabaki na zipatazo 19.8, na kwenye bonde la wimbi tuna kama 17.7. Regulata inapumua. Hata laini ya kijiji ikishuka kwa asilimia 15 jioni, wakati kila nyumba imewasha taa na televisheni, kwenye bonde bado kuna volti 14 na nusu, na redio haitajua kuwa kuna lolote lililotokea.

Pengine utauliza: basi kwa nini tusichukue transfoma ya volti 24 tuwe na akiba kubwa zaidi? Kwa sababu kila volti inayozidi 12 regulata huigeuza kuwa joto. Kwa transfoma ya volti 15 na mzigo wa ampea 1, regulata hutupa karibu wati 7 za joto, na hizo zinatosha kuunguza kidole. Kwa volti 24 joto hilo hupita wati 18, na regulata, ambayo ina ulinzi wa ndani dhidi ya joto, itajizima na kujiwasha bila mpangilio. Kiasi ndicho kinachotakiwa.

Vitu vya kununua

Kwa pawa saplai ya volti 12 na ampea 1, orodha ni hii:

- Transfoma ya volti 230 kwenda volti 15, yenye uwezo wa ampea 2. Tumetaja 2 kwa makusudi: kapasita huchota umeme kwa mikupuo, na transfoma ya ampea 1 itachemka.
- Diodi nne za ampea 3, kama 1N5408, au daraja lililokwisha unganishwa.
- Kapasita ya mikrofaradi 4,700 ya volti 35. Usichukue ya volti 25, kwa kuwa transfoma isiyo na mzigo inaweza kukifikisha kilele hapo.
- Regulata ya 7812 na bati zuri la aluminiamu la kupozea, pamoja na mafuta meupe ya kupitishia joto.
- Kapasita ndogo mbili, mikrofaradi 0.33 kwa mguu wa kuingilia na mikrofaradi 0.1 kwa mguu wa kutokea, ziungwe karibu kabisa na regulata.
- Fyuzi ya robo ampea ya upande wa nguzo, ya aina inayostahimili mshtuko wa kuwasha, na fyuzi ya ampea 1 ya upande wa redio.
- Kasha lenye matundu ya hewa, swichi, na plagi ya miguu mitatu. Ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 3 badala ya 13.

Kuunganisha na kupima

Upande wa volti 230 uunganishwe na fundi umeme aliyesomea kazi hiyo. Maungio yake yafunikwe yote, na kama kasha ni la chuma, waya wa ethi ufungwe kwenye kasha kwa skrubu na si kwa kusokotwa. Upande wa volti 15 ndio unaoweza kuwa darasa la nyumbani. Somo la fizikia la kidato cha nne linagusa diodi, na binti au kijana aliyelisoma ataona hapa kwa macho yake kile alichochora daftarini. Anayetaka kuendelea kuna vyuo vya VETA, na Songea kipo.

Kuna mambo matatu yasiyosamehe kosa. Mistari iliyochorwa kwenye diodi huonyesha upande wa kutokea chanya; ukigeuza diodi moja tu, daraja lote ni shoti. Kapasita kubwa ina upande wa hasi uliowekewa alama. Ikigeuzwa inaweza kupasuka. Regulata ina miguu mitatu: ukiitazama upande wenye maandishi, mguu wa kushoto ni wa kuingilia, wa kati ni wa hasi, wa kulia ni wa kutokea volti 12.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mafundi wazoefu huunganisha balbu ya kizamani yenye uzi, ya wati 40 au 60, katika njia moja na plagi, ili umeme upitie kwenye balbu kabla ya kufika kwenye transfoma. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, mambo ni salama. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Zima, chomoa, tafuta kosa. Balbu imejitolea badala ya transfoma yako.

Ukiiondoa balbu hiyo, pima volti za kutokea kabla redio haijaguswa. Regulata nzima hutoa kati ya volti 11.5 na 12.5. Kisha weka mzigo wa majaribio, kwa mfano taa ya gari au pikipiki ya volti 12 na wati 10, ambayo hula karibu ampea 1. Iache iwake nusu saa. Volti zisishuke, na transfoma isitoe harufu. Chomoa, kisha ukaribie bati la kupozea kwa uangalifu: likiwa la moto kiasi kwamba mkono hauvumilii, tafuta bati kubwa zaidi. Baada ya mitihani hiyo ndipo redio iunganishwe, na chanya na hasi zihakikiwe mara mbili.

Kama mvumo mdogo umebaki, tazama waya wa hasi. Waya wa hasi unaokwenda kwenye redio uanzie kwenye mguu wa kati wa regulata, usianzie kwenye diodi. Baina ya diodi na kapasita ndipo mikupuo mikali inapopita. Iweke pia transfoma mbali na redio, kwa kuwa sumaku yake hupenya hata pasipo waya.

Adapta za gulioni

Wapo watakaouliza kwa nini wahangaike wakati adapta za bei nafuu zimejaa madukani. Adapta nyingine ni nzuri. Lakini adapta ya transfoma isiyo na regulata, ijapokuwa imeandikwa volti 12, inaweza kutoa 16 au 17 pale redio inapokula kidogo, na kapasita za ndani ya redio nyingi ni za volti 16. Hapo ndipo redio hufa bila mtu kuelewa, siku chache baada ya kuagana na betri. Dawa yake ni kuipima kwa mita mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

Adapta nyepesi za kisasa, zisizo na transfoma nzito, huwa na regulata ndani. Zikiwa za kiwanda kinachoaminika zinafaa, na hazipotezi umeme mwingi wa LUKU kwa joto. Ila zile hafifu hutoa kelele inayoingia katika redio ya masafa ya kati na masafa mafupi, mfano wa nyuki ndani ya mzinga. Anayesikiliza flashi hataisikia. Anayetafuta stesheni ya mbali usiku kando ya ziwa itamkera.

Ieleweke pia mpaka wa kifaa tulichokieleza. Redio ya gari ikifunguliwa sauti kubwa yaweza kula ampea kadhaa, na 7812 moja haitaimudu. Kwa mzigo huo nunua pawa saplai iliyo tayari ya ampea 5 au zaidi, au endelea na betri ya sola. Na kifaa hiki kisitumike kuchaji betri ya volti 12: betri ya risasi huhitaji volti zaidi ya 13 ili ijae, na betri iliyoachwa imeunganishwa humo inaweza kurudisha umeme kinyumenyume na kuiua regulata.

Amana ya fundi, wajibu wa nyumba

Kijana anayejifunza kazi hii leo huenda kesho akawatengenezea majirani. Basi aanze na neno moja: maandishi anayoyabandika juu ya kasha ni ushahidi wake. Akiandika ampea 1, iwe ni ampea 1 iliyopimwa kwa nusu saa, si iliyokisiwa. Jirani hana mita. Ana imani tu. Kifaa kilichoandikwa ampea 5 huku transfoma ni ya 2 kitachemka usiku watu wakiwa wamelala.

Wazazi nao wana sehemu yao. Pawa saplai isifunikwe kwa kitambaa cha mapambo wala isirundikiwe vitabu. Matundu yale ndiyo pua yake. Isiwekwe mahali mtoto anapoweza kuingiza msumari au kijiti. Isifunguliwe ikiwa kwenye soketi, na hata ikishachomolewa kapasita hubaki na akiba kwa muda. Katika majira ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, mkisikia radi juu ya milima chomoeni plagi. Kuzima swichi peke yake hakuizuii radi. Na kila baada ya miezi michache volti zipimwe upya, maana regulata inayokufa kwa shoti huipitishia redio volti zote 19 bila kutoa taarifa.

Ukiyazingatia haya, redio ile ya zama za sola itakaa mahali pake pa zamani, na sauti itakuwa ya msomaji peke yake, bila mvumo nyuma yake.

Juma lijalo, inshaAllah, tutazungumzia namna ya kutambua waya wa umeme usiofikia kipimo kabla haujafukiwa ukutani.

Wabillaahi tawfiiq.